Mtambuu wa Bi Mwanakhamis

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bi Mwanakhamis wa Gando huwatupia njiwa wake mtama. Nyumba yao ni sanduku la mbao juu ya nguzo, uani. Kwenye nguzo hiyo hiyo aliupandisha mtambuu, mmea utambaao wenye majani ya kutafuna, maana tambuu haimtoki kinywani. Nguzo moja, kazi mbili! Alijiona hodari kweli.

Lakini makinda walikuwa hawakui. Mara mbili walitoweka kabla ya kuota manyoya. Njiwa wengine wakahama. Sasa ilibaki jozi moja tu, yenye makinda wawili.

"Na hawa wakiliwa, sanduku n'talitia jikoni liwe kuni," alisema mumewe, Mzee Hija.

Bi Mwanakhamis alihuzunika sana. Siku hiyo akapita Bwana Suud, bwana shamba.

"Mwanangu, nitazamie njiwa wangu. Kuna paka mwizi hapa."

Bwana Suud alitazama nguzo. Akaona gamba jembamba limenasa kwenye mtambuu.

"Si paka, Bibi. Ni nyoka."

"Nyoka! Kajuaje kama juu kuna makinda?"

"Hunusa kwa ulimi. Hapa chini pamejaa mavi na manyoya ya njiwa. Tena huwaona wakubwa wakiingia na kutoka. Akishakula mara moja, hurudi."

"Na kupanda je?"

"Ngazi umempandia mwenyewe," alisema, akiuonyesha mtambuu.

Mzee Hija alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Tambuu yangu, jamani!" alilia Bi Mwanakhamis. Kisha akawatazama makinda. "Haya, kateni."

Waliukata mtambuu. Vipande wakavipanda mbali, penye mfenesi. Bwana Suud akapasua madebe mawili matupu ya mafuta ya taa, akayakunjua, akayazungushia nguzo bila kuacha mwanya.

"Bati linateleza, nyoka hapati pa kushika. Chini fagieni kila siku. Na tawi lolote lisikaribie sanduku."

Juma la pili, Bi Mwanakhamis alikuwa akianika nguo. Akamwona nyoka anapanda nguzo. Alipofika kwenye bati, akateleza. Akajaribu tena, akateleza. Mwisho akaenda zake kichakani.

"Mzee! Njoo umwone anavyoaibika!"

Asubuhi moja makinda wote wawili waliruka mpaka paani. Bi Mwanakhamis alipiga vigelegele peke yake. Mzee Hija alikuwa kibarazani, anapasua mbao.

"Wafanya nini, Mzee?"

"Sanduku la pili," alijibu. "Kwani hawa nao watazalia wapi?"