Mwalimu wa Bure

Jenereta la duka la fotokopi pale mtaa wa Ashar lilikuwa linanguruma, watu wamebanana jasho likiwatoka, Suhad alipomwona mwanamume mrefu akiondoka na karatasi zake.

"We kaka! Hizo zangu!"

"Zako?" Mwanamume alizipekua. "Chupa ya asidi, mshale, maji na chumvi. Hizi nimezitoa mtandaoni asubuhi hii."

"Na mimi nimezitoa huko huko. Ni za bure, hazina mwenyewe."

"Basi tugawane, dada."

Suhad alivuta abaya kuficha kicheko, lakini vishimo vya mashavuni vilikuwa vimeshaonekana.

Wote wawili walifundisha kemia sekondari, na shule zao hazikuwa na maabara. Wanafunzi waliiona asidi kwenye simu tu. Tofauti ni kwamba Suhad alikuwa na mshahara. Yule mwanamume, Muntadhar, alikuwa katika wale tunaowaita hapa Basra walimu wa bure, wanaofundisha bila malipo wakingoja serikali iwaajiri. Na jioni alijirekodi akifundisha, akayaweka masomo mtandaoni kwa yeyote anayetaka.

Simu zikaanza.

"Umekula, jicho langu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Ndiyo maana umekonda!"

Baba yake Suhad alipodokezwa, alicheka kwa dharau. "Mwalimu wa bure anataka na mke wa bure?" Isitoshe, Ghazwan, mtoto wa ami yake Suhad, mwenye kazi nzuri bandarini, alikuwa ameshaonyesha nia ya kumposa.

Ndipo taasisi moja ya masomo ya kulipia ikamwita Muntadhar. Kazi ipo, wakasema, ila ayafute masomo yake yote ya bure.

"Kubali," Suhad alimwambia kwenye simu.

"Na wale watoto wasio na cha kulipa?"

"Na mimi je, Muntadhar?"

Suhad akakata simu. Siku zikapita, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Asubuhi ya mtihani wa taifa wa kemia, mama aliingia na nguo ya kijani mkononi.

"Vaa, mwanangu. Ami yako anakuja na wazee kabla ya adhuhuri."

"Leo? Si mlisema Ijumaa?"

"Hata mimi nimeambiwa sasa hivi."

Suhad alimwandikia Muntadhar: *Lete wazee wako sasa hivi. Njoo hata bila kazi.* Ujumbe haukwenda. Siku za mtihani mtandao huzimwa nchi nzima ili maswali yasivuje, na yeye, mwalimu mzima, alikuwa amesahau. Akapiga simu. Imezimwa. Muntadhar alikuwa akisimamia mtihani, na wasimamizi huacha simu zao getini.

Hakujua kwamba pale getini, kabla ya kuikabidhi simu, Muntadhar naye aliandika: *Nimekubali taasisi. Masomo nayafuta. Nakuja kwa baba yako.* Nao haukwenda. Akaingia ukumbini akitabasamu peke yake, akapita katikati ya madawati akitazama watoto wakichora mishale aliyowafundisha.

Sebuleni sauti za wanaume zilipanda, kisha zikashuka pamoja. Ilikuwa Fatiha ya kufunga posa. Suhad alikaa kitandani na nguo yake ya kijani, simu kaishika kwa mikono miwili.

Mtandao uliporudi, jumbe zote mbili zilifika kwa pamoja. Simu ikaita papo hapo.

"Suhad! Niko njiani! Nimeshawaambia ami zangu, wanavaa..."

"Wameshasoma Fatiha."

Upande wa pili zilisikika breki za gari.

"Jicho langu..."

"Usiyafute masomo, Muntadhar."

"Ya nini tena?"

"Yaache tu."

Hakuyafuta. Na taasisi hakwenda.

Ghazwan si mtu mbaya. Jioni, mke wake akiandaa somo la kesho, humletea chai, kisha husimama nyuma yake kumtazama mwalimu aliye kwenye simu.

"Huyu bwana anafundisha vizuri. Unamlipa kiasi gani?"

"Halipwi," Suhad husema, bila kuinua macho. "Ni bure."