Sola Haiugui Mafua

Sogeeni hapa. Kaeni. Vidole vitoke puani! Hadithi hii ina mjuaji mmoja, na mimi wajuaji siwawezi. Nitamcheka mpaka mwisho.

Subi ni mtoto wa Tukuyu. Tukuyu mvua haipiti njia. Inakuja kukaa. Cho-cho-cho! Cho-cho-cho!

Mama yake Subi ni fundi cherehani. Juu ya bati lao kuna paneli ya sola. Paneli inalisha betri. Betri inawasha taa. Jioni Mama anashona chini ya taa. Tiki-tiki-tiki!

Nyumba ya pili anakaa Mjomba Gwamaka, kaka yake Mama. Mjomba anajua kila kitu. Usimwulize. Atakuambia tu.

"Mvua yote hii!" anasema Mjomba. "Jua lenyewe liko wapi? Ha!"

Subi anakaribia kuanza shule. Darasa la kwanza! Shati lake liko tayari. Sketi bado. Haina kiuno, haina pindo.

"Mama, utaimaliza?"

"Nitaimaliza, mwanangu. Mchana nashona za watu. Yako nitashona jioni, kwenye taa."

Jioni ikafika. Taa ikawaka kidogo. Ikafifia. Ikazima. Pwu!

Mlangoni akatokea nani? Mjuaji wetu.

"Si nilisema?" akasema Mjomba. "Jua lenyewe liko wapi? Ha!"

Akaenda zake akicheka. Anacheka nini, mtu mzima yule? Sketi ya mtoto haina kiuno!

Asubuhi Subi alikaa mlangoni akilia. Kesho ni shule. Ataendaje na shati tupu?

Mvua ilinyesha. Cho-cho-cho! Subi akafuta machozi. Akatazama juu. Jua halionekani. Akatazama vidole vyake. Vinaonekana! Migomba inaonekana. Mbuzi anaonekana, tena amenuna.

"Mama! Jua limejificha, lakini mwanga upo!"

"Upo," akasema Mama. "Na paneli inakula mwanga. Siku ya mawingu inakula kidogo, lakini inakula."

"Basi mbona betri ina njaa?"

Mama akaacha cherehani. Wakatoka nje. Wakatazama paa.

Ala! Juu ya paneli kuna turubai. Turubai la bluu. Na juu ya turubai kuna mawe, lisipeperuke.

"Mjomba!" akaita Subi. "Turubai hili la nani?"

"Langu," akasema Mjomba, kifua mbele. "Mvua ikija tunafunika kuni. Tunafunika mahindi. Na paneli nimeifunika. Ingeugua mafua!"

Mafua! Mmesikia, watoto? Kioo kiugue mafua! Na hakumwuliza mtu. Wajuaji hawaulizi.

"Kaka," akasema Mama, "paneli haina pua. Panda ukaifunue."

Mjomba akapanda ngazi. Kwi-kwi-kwi! Akatoa mawe. Akavuta turubai. Msumari wa bati ukavuta suruali. Charaaa!

Sisemi ilichanika wapi. Mnajua wenyewe.

Siku nzima mvua ilinyesha. Siku nzima paneli ilikula. Ikala kidogo. Ikala kidogo tena. Subi akawa anaichungulia kila mara. Itashiba?

Jioni ikafika. Mama akashika swichi. Subi akafumba macho.

Ta!

Taa ikawaka! Ukutani kukawa kweupe. Mama akaketi. Tiki-tiki-tiki! Kiuno kikapatikana. Tiki-tiki-tiki! Pindo likaanza.

Hodi, hodi! Mlangoni akatokea nani? Mjuaji wetu. Kajifunga kanga ya mkewe, suruali kaishika mkononi.

"Dada, nishonee suruali yangu."

"Sketi kwanza, kaka. Kaa usubiri."

Mjomba akakaa. Magoti nje, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Subi akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mjomba," akasema, "suruali yenyewe iko wapi? Ha!"

"Subi!" akasema Mama. Lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Mjomba akafungua mdomo ajibu. Badala ya jibu ikatoka chafya. Chaa! Ikatoka nyingine. Chaa! Pua ikaanza kumtiririka.

"Mama," akasema Subi, "mafua yamempata yeye!"

Mama akacheka mpaka uzi ukakatika.

Sketi ikaisha. Subi akaivaa, akazunguka mara moja, akaivua. Mama akaitundika kwenye msumari, kando ya shati. Subi akapanda kitandani akiitazama.

Nje mvua ilizidi. Cho-cho-cho! Mjomba, suruali yake imeshonwa, akatoka na maturubai yake. Akafunika kuni. Akafunika mahindi. Akaitazama paneli kwa muda mrefu.

Akaiacha. Turubai la bluu akajifunika yeye mwenyewe, akaenda kulala.

Nanyi laleni. Hadithi yangu imelowa, lakini taa yake inawaka. Na wewe mjuaji uliyekaa nyuma, futa pua.