Kidari Kilichopikwa kwa Hofu

Kila siku saa sita mchana, fundi cherehani aliacha kushona akaingia jikoni kumpikia baba mkwe wake. Mzee huyo, mwashi mstaafu, alikuwa ametoka hospitali akiwa mifupa mitupu. Muuguzi hakumung'unya maneno: "Ale mayai, maharage na nyama laini. Tukimpima mwezi ujao tukakuta amepungua tena, tutamlaza."

Fundi alichemsha kidari cha kuku saa nzima. Kisha alikikaanga hadi kikakauka. Mzee alitafuna, akatafuna, akaitoa nyama mdomoni na kuiweka pembeni mwa sahani.

"Mke wa mwanangu," alisema, "nimejenga nyumba arobaini. Tofali nalijua. Hili ni tofali."

Wifi yake fundi, aliyekuja kumjulia hali baba yake, aliangua kicheko. "Msamehe, baba. Huyu akikosa kulisha watu nyama mbichi, huwalisha mkaa. Katikati hapajui!"

Fundi aliondoa sahani. Miaka sita iliyopita mwanawe aliugua tumbo, akalazwa siku nne. Hakuna daktari aliyesema chanzo ni kuku aliyepikwa na mama yake. Aliyesema ni wifi, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyemkanya. Hata mume wa fundi aliinamisha kichwa. Tangu hapo, kila kuku aliyeingia jikoni mle aliadhibiwa kwa kosa ambalo halikuthibitishwa.

Jioni, jirani yao, mpishi wa hospitali, alikuja kuchukua aproni yake iliyoshonwa. Alimkuta fundi akikwangua sahani.

"Mwanangu, kuku huyu alikukosea nini?"

"Mama, naogopa asije akabaki mbichi."

"Kuogopa ni haki yako. Kuku asiyeiva anaumiza watu, na mgonjwa ndiye anayeumia zaidi. Lakini kuiva kuna kikomo. Paja linavumilia moto mrefu. Kidari hakina mafuta. Ukipitisha kikomo, maji yake yote hutoka, zikabaki nyuzi tupu."

"Kikomo nitakijuaje? Nyama haisemi."

"Inasema, ila wewe umeiziba mdomo kwa moto. Kesho nitakuja."

Kesho yake mpishi alifika na kipimajoto cha nyama, chenye sindano ndefu. Fundi alikuwa amefungua bomba ili aoshe kidari.

"Funga maji! Ukimwosha kuku mbichi, matone yanarusha vijidudu hadi kwenye vikombe. Moto ndio utakaoviua."

Mpishi alimwelekeza, fundi akatenda. Alikipasua kidari kwa ubapa, vikatoka vipande viwili vyenye unene sawa, kama wa kidole. Alivipaka chumvi, akavifunika na kuviweka kwenye friji nusu saa. Kisu na ubao aliviosha papo hapo kwa sabuni. Baadaye alivikausha vipande kwa karatasi, akapasha mafuta kidogo kwenye kikaango, akavilaza kwa moto wa wastani.

"Usivichokoe. Dakika tano, kisha geuza, punguza moto, ufunike."

Dakika nne baada ya kugeuza, fundi alichoma sindano kutoka ubavuni hadi katikati ya nyama. Kipimo kilisoma nyuzijoto sabini.

"Bado. Subiri sabini na nne."

Kilipofika hapo, mpishi alizima jiko mwenyewe. "Toa, weka kwenye sahani safi. Iache itulie dakika tano, maji yarudi ndani. Kisha kata ukikatiza nyuzi."

Fundi alikata. Nyama ilikuwa nyeupe hadi katikati, na maji yake yalimeremeta. Alitia kipande kinywani. Machozi yalimtoka. Hayakuwa ya furaha. Alikuwa anaihesabu miaka sita.

Mzee alimaliza sahani. Hakushukuru. Aliuliza tu, "Kimebaki?"

Mwezi ulipotimia, mizani ya hospitali ilionyesha kilo mbili zaidi. Muuguzi alifuta jina la mzee kwenye orodha ya kulazwa. Jioni hiyo wifi alikaa sebuleni akajipigia makofi. "Dua zangu hizo, baba! Nilikuwa silali."

Mzee alimgeukia binti yake, akamwonyesha kwa kidole fundi aliyesimama mlangoni.

"Dua zako nazijua. Zilikuwepo hata nilipokuwa napungua. Mimi nimenenepeshwa na huyu, naye ulimsingizia, sisi tukanyamaza, na mimi nikiwemo. Inuka. Nenda jikoni ukafundishwe kupika."

Wifi aliinuka, uso umemshuka, akamfuata fundi jikoni. Alinyoosha mkono kuchukua kidari kilichokuwa mezani.

Fundi alimzuia. Hakutabasamu, wala hakupandisha sauti.

"Wifi," alisema, "nawa mikono kwanza."