Saketi ya Binamu

"KIFAA HIKI HAKIJAIDHINISHWA. KIMEZIMWA."

Maandishi hayo yalijaa kwenye skrini nikiwa nimebakiza goli moja tu kuingia fainali!

Ndugu msomaji, mikono yangu haishiki kitu tangu ajali. Nacheza gemu kwa miguu na kidevu, kwa ubao wa vitufe vikubwa alioniundia kaka yangu, fundi redio. Bingwa alikuwa ameahidiwa ajira ya kujaribu gemu mpya… ajira yangu ya kwanza maishani.

"Pole, dada," akanong'ona binamu yangu, mchezaji wangu wa akiba. "Sogea kidogo."

Akaketi kitini pangu, akachomeka padi yake ya kuchezea. Akafunga. Akapiga na picha!

Jioni kaka akafungua barua pepe zangu, ambazo binamu ndiye hunifungulia na kunisomea.

"Kampuni ya gemu ilikuonya wiki mbili zilizopita kwamba ubao wako utazimwa. Hukuambiwa?"

"Na nani?"

"Nimeikuta kwenye zilizofutwa. Basi kuna mtu kaifungua, kaisoma, kisha kaifuta."

Anayenisomea ni mmoja tu…

Kampuni ilidai inawazuia walaghai kwa kuzima vifaa visivyo na kibali. Kumbe mlaghai wangu alikuwa na padi halali, yenye nembo ya kampuni!

Kesho yake binamu akaileta padi hiyo kwa kaka, bila hata haya.

"Kaka, kitufe kinakwama. Nisafishie, nitaipitia asubuhi nikienda fainali."

"Iache hapo, bingwa," kaka akajibu, huku akinitazama mimi.

Siku ya fainali ukumbi ulifurika. Binamu akachomeka padi yake.

KIFAA HIKI HAKIJAIDHINISHWA.

"Haiwezekani! Nimeinunua dukani, risiti ninayo!"

"Basi cheza na hiyo risiti!" mtu akapaza sauti nyuma. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Msimamizi akanigeukia. "Nahodha, una kifaa kingine?"

Kaka akachomeka ubao wangu. Skrini ikaupokea kama mwenyeji!

Tatu bila, bingwa nikawa mimi.

Umeshang'amua? Ndani ya ubao wangu kaka alikuwa ameweka saketi ya padi yake, ile yenye kibali. Ndani ya padi yake ilikuwa saketi yangu, ile iliyozimwa!

Nililojifunza ni hili: nembo hutambulisha kiwanda kilichotengeneza kifaa, haimtambulishi anayekishika. Walionizima hawakuwahi kuniuliza nachezaje. Na aliyejua nachezaje, ndiye aliyenyamaza.

Kaka ananisihi nimrudishie binamu saketi yake.

Jumatatu nilianza ile ajira nayo.

Sirudishi.