Mafiga ya Kwa Kalinga

Tekla wa Nyololo alikuwa mjane mwenye mdomo na mwenye mkono wa kutoa. Mgeni hakutoka kwake na njaa, na wala hakutoka bila kutambulishwa. Hata kama mnawahi basi, atamshika mtu wako mkono, amuulize ukoo, kwao wapi, na mama yake ni nani, kisha amtangaze kwa majirani: huyu ni fulani, mwana wa fulani, kwao ni mahali fulani. Ndivyo alivyolelewa. Wazee wa Kihehe walimfundisha kwamba mtu asiyetajiwa kwao anaweza kupotea hata akiwa amekaa sebuleni.

Mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika kweli kweli, mwanawe Liberatus aliyekuwa mwalimu Iringa alifika na wenzake wawili. Walishuka kwenye lori Jumamosi mchana wakiwa na turubai mgongoni.

"Tumekuja kupiga kambi, mama," Liberatus akasema.

"Kupiga kambi ndiyo nini?"

"Kulala kwenye hema. Kule juu, ng'ambo ya kijito. Kubadilisha hewa."

"Hewa ya Iringa imeoza?" Tekla akashika kiuno. "Nyumba ninayo, vitanda ninavyo, halafu walimu wazima mnataka kulala chini kama wapagazi wa Mjerumani! Majirani watasema nimewafukuza."

Vijana wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Marcelino, mfupi mwenye miwani, alikuwa Mkatoliki kama wenyeji wake. Wa pili alikuwa Alinanuswe, mrefu, mpole, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoravia. Huyo alivua kofia, akamkabidhi Tekla mkungu wa ndizi kwa mikono miwili.

"Ametuma mama yangu, Ikupa. Amesema nikuambie kwamba hana mwingine ila mimi. Amesema mama kwa mama mnaelewana."

Tekla aliupokea mkungu ule na moyo ukamjaa. Alimvuta kijana pembeni akamhoji mpaka akaridhika: nyumba yao iko nyuma ya kanisa la Wamoravia, migomba imefika mlangoni, baba alikufa zamani. Mtoto wa pekee! Akamwambia, "Nitakurudisha kwa mama yako mzima. Mtoto wa watu ni deni." Alisema kwa dhati kabisa.

Sasa, hiyo ng'ambo ya kijito. Pale kuna tambarare ya majani mafupi, na pembeni yake kuna mahame ambayo watu wa Nyololo waliyaita kwa Kalinga. Baada ya vita ya Mjerumani ilipita homa iliyofyeka watu. Kwa Kalinga walikufa watoto, wadogo kwa wakubwa, kisha baba yao. Mama akabaki peke yake. Wanasema aliendelea kupika chungu cha kuwatosha wote, jioni na asubuhi, akasimama mlangoni akaita watoto waje kula, mpaka naye akafa. Nyumba ikaanguka. Watu wakachukua nguzo, wakachukua mlango. Mafiga matatu hawakuyagusa. Jiko la nyumba iliyokwisha huachwa lilivyo, maana mwenyewe anaweza kulihitaji.

Tekla alifungua kinywa awaambie. Liberatus akamwahi, akamnong'oneza sikioni.

"Mama, tafadhali. Hawa ni walimu wenzangu. Usianze habari za kwa Kalinga."

Akaona haya, basi. Mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza maishani mwake, siku hiyo akanyamaza ili mwanawe asichekwe. Alisema tu, "Mafiga nitawaletea mimi. Msihangaike na mawe." Akawapa unga, kuku na chumvi, wakapanda wakiimba.

Ukungu ukashuka mapema. Mnaoujua ukungu wa Mufindi hamhitaji kuelezwa. Unaweza kunyoosha mkono usiuone. Tekla alitoka na mawe kichwani, akafika kijitoni, akaona moshi unapanda kule juu. Wamekwisha kupika, akajisemea, watakuwa wameokota mawe mtoni. Akatua mzigo wake pale pale, akarudi nyumbani. Huo ndio uvivu wa jioni moja, na nani kati yetu hajawahi kuufanya?

Jumapili asubuhi kulikuwa kumekucha lakini jua halionekani. Tekla alijifunga shuka, akapanda kuwaita vijana waende misa. Aliwakuta Liberatus na Marcelino wakikunja hema. Alinanuswe alikaa karibu na moto, anafuta midomo kwa kiganja. Mbele yake palikuwa na nusu ya kibuyu, tupu.

"Ndaga fijo, mama," akasema. "Asante sana kwa uji. Mtamu kuliko wa kwetu, ila usimwambie mama yangu."

Tekla akatabasamu, halafu tabasamu likamkauka.

"Uji gani?"

"Ule uliotuletea sasa hivi."

Nyie, Tekla hakuwasha moto asubuhi ile. Siku hizo Mkatoliki anayekwenda kupokea komunyo hali kitu tangu usiku wa manane. Nyumba nzima hufunga. Liberatus na Marcelino walikuwa wamefunga vilevile, ndiyo maana hawakuonja. Mmoravia peke yake ndiye aliyekuwa huru kula.

"Nani kauleta?" akauliza.

"Si wewe, mama?" Liberatus akasema. "Tulikuwa ndani ya hema. Umekuja umejitanda, ukaweka kibuyu, ukasimama hapo. Mimi nikakuambia tumefunga."

"Nikajibu nini?"

Liberatus akafikiri. "Hukujibu. Ulikuwa unamtazama Alinanuswe anavyokula."

Ndipo Tekla akayatazama mafiga. Hayakuwa mawe ya mtoni. Yalikuwa meusi ya masizi ya zamani, yamelika mgongoni pale chungu kilipokaa miaka na miaka.

"Mmeyatoa wapi?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Hapo tu," Marcelino akasema, akionyesha ukunguni. "Yalikuwa yamepangwa tayari."

Tekla hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Liberatus kuliko yote. Alimwaga maji motoni, akasubiri mawe yapoe kidogo, akambebesha Alinanuswe moja, yeye akabeba mawili kwenye shuka. Akawaambia wale wengine wabaki. Liberatus akataka kubisha. Akamtazama mama yake usoni, akaacha.

Kwa Kalinga palikuwa na vichuguu vya udongo wa kuta, na majani yamefika kifuani. Ila mahali pa jiko hapakuota kitu. Palikuwa na vishimo vitatu, safi, vimefagiliwa.

Wakapanga mawe. La kwanza. La pili. Alinanuswe alipoweka la tatu, wakasikia.

Mwiko. Unakoroga chungu. Taratibu, upande wa pili wa ukungu.

Alinanuswe akamshika Tekla mkono kama mtoto mdogo. Tekla alikuwa na deni lake, na alijua njia moja tu ya kumtetea mgeni.

"Kamwene, mama wa hapa," akasalimu kwa Kihehe. "Tumerudisha mafiga yako. Vijana hawakujua, na mimi niliyejua sikusema. Nisamehe. Lakini huyu aliyekula uji wako si wako. Ni mtoto wa watu. Anaitwa Alinanuswe. Mama yake ni Ikupa, yuko hai. Yuko Tukuyu, nyuma ya kanisa la Wamoravia, nyumba yenye migomba mpaka mlangoni. Huyo ndiye mwenye kumpikia."

Mwiko ukakoma.

Kimya. Kimya cha mtu anayesikiliza. Kisha upepo mdogo ukapita, ukungu ukafunguka, na pale mbele hapakuwa na kitu ila majani yenye umande.

"Amekubali," Tekla akasema. Machozi yalimtoka kwa furaha. Alinanuswe naye alicheka, akasema ana njaa, na Tekla akaichukua njaa ile kuwa ishara njema. Alirudi nyumbani akamchinjia kuku mwingine. Kijana akala mapaja yote mawili. Jumatatu Tekla akawapandisha vijana lori, akasimama barabarani mpaka lilipopotea, kifua kikiwa chepesi.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja ya soko Marcelino akashuka Nyololo, peke yake, amekonda.

"Mama, Liberatus amebaki darasani, amenituma mimi," akasema. "Alinanuswe ameacha kazi. Amerudi kwao."

"Anaumwa?"

"Hali chakula. Tukimwekea sahani anasema ameshakula. Tunamuuliza umekula wapi, anacheka tu." Akavua miwani, akaifuta. "Na kweli, mama, hakondi. Mimi ndiye ninayekonda."

Tekla hakungoja mwanawe. Alifunga kitenge, akapanda basi la Mbeya, akalala kwa Mkatoliki mwenzake, na kesho yake akapata gari la Tukuyu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia zote zilikuwa tope. Aliiona nyumba mara moja, nyuma ya kanisa, migomba mpaka mlangoni. Mwanamke mwembamba alikuwa amekaa barazani akimenya ndizi.

"Hodi hapa. Wewe ndiye mama Ikupa?"

"Karibu, dada. Ndiye mimi. Unatokea wapi?"

"Nyololo. Mimi ni Tekla, mama yake Liberatus."

Ikupa akaacha kumenya. Akacheka, lakini cheko la mtu asiyeelewa.

"Nyololo tena? Mama yake wa Nyololo si ameondoka leo alfajiri!"

"Mama yupi?"

"Huyo aliyemlea kule kambini. Mpole, hasemi sana. Mtoto alifika hapa hagusi chakula changu, dada, nimelia mpaka nikachoka. Ndipo huyo mama akaja. Wiki nzima amekaa jikoni kwangu. Kwake mtoto alikula vizuri, anamaliza kibuyu."

Tekla akasogea karibu naye.

"Alikuambia anaitwa nani?"

"Nami ningemuuliza mgeni jina wakati yeye ananijua? Aliingia moja kwa moja kupitia migombani, hakuuliza njia kwa mtu. Akaniita Ikupa. Akasema, wewe ndiye mwenye kumpikia." Ikupa akamtazama. "Dada, mbona unanitisha? Nilijua ni wewe. Ni nani mwingine aliyejua habari zetu?"

Tekla alijua ni nani aliyezitoa habari zile. Alizitoa yeye mwenyewe, kwa Kalinga, zote, kwa sauti, kwa heshima, mpaka migomba.

"Alinanuswe yuko wapi?" akauliza.

"Amemsindikiza. Amesema anakwenda kuwasalimia ndugu zake. Nikamwambia, ndugu gani wewe, mbona nimekuzaa peke yako? Akacheka. Akanikumbatia sana, mpaka nikamwambia niachie, unaniumiza."

Ikupa aliangusha kisu, wakashika njia ya nyuma wakikimbia, wanawake wawili wazima, wakiteleza na kuinuana. Tope lilikuwa laini na alama zilikaa vizuri. Mbili: viatu vya Alinanuswe, Ikupa alivijua kwa soli iliyotiwa kiraka, na kando yake miguu mitupu ya mwanamke. Zilikwenda sambamba mpaka kwenye kijito cha huko. Wakavuka.

Ng'ambo nyayo ziliongezeka.

Zilikuwa ndogo. Za watoto. Zilikuja mbio kutoka upande wa barabara ya Mbeya, nyingine zimeteleza kwa haraka, zikaizunguka ile soli ya kiraka, zikakanyagana, zikarukaruka. Kila mtu amewahi kuona watoto wanavyomlaki kaka aliyechelewa kurudi.

"Watoto wa nani hawa?" Ikupa akanong'ona. "Huku hakuna nyumba."

Tekla alikuwa anaangalia nyayo za mdogo kuliko wote, fupi kama kidole cha mtu mzima, zilizokuwa zimebaki nyuma ya wenzake. Zilikwenda mshazari, zikaanguka, zikainuka. Zikafika mbele ya viatu, zikakoma.

Ikupa akapiga magoti topeni. Akaingiza kidole kwenye alama ya kiatu iliyofuata, akapima. Akapima na ile ya nyuma. Akarudia tena, taratibu. Kuanzia pale viatu vya mwanawe vilikuwa vimezama zaidi.

"Amembeba," akasema.