Mapigo Themanini

Siku ya Jumatatu, saa sita mchana, wagonjwa wote kumi na tisa wa chumba cha wanawake walikuwa na joto la thelathini na saba kamili. Hata bibi wa malaria, aliyekuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia. Nsimire, muuguzi wa zamu, akalaumu betri ya kipimajoto. Akaibadilisha. Thelathini na saba. Akapima tension, msukumo wa damu, mkono baada ya mkono: kumi na mbili kwa nane. Basi akahesabu mapigo kwa vidole vyake mwenyewe, maana vidole havina betri. Themanini. Themanini tena. Wote themanini.

Namba hizo alizijua. Ni yeye aliyezitunga.

Tuseme ukweli, maana mtaa wetu mzima wa Kadutu unaisimulia habari hii na kila mmoja anaipamba anavyotaka. Katika hospitali ile, ambayo sitaitaja, muuguzi mmoja alibeba chumba kizima peke yake. Dawa yeye, sindano yeye, shuka yeye, kugombana na familia za wagonjwa yeye. Vipimo vya saa sita angevichukua saa ngapi? Basi viliandikwa saa nne asubuhi, kwa kalamu tu, bila kumgusa mtu. Maman Ghislaine, chef wao, mkuu wa wauguzi, ndiye aliyewafundisha. "Mugonjwa akiwa muzuri asubuhi," alisema, "saa sita iko vilevile."

Ijumaa iliyotangulia, Nsimire aliandika hivyo, mapigo themanini, kwa Maman Séraphine wa kitanda cha saba, mkulima wa Mudaka aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Saa tano Séraphine akamwita. "Maman, kuya unishike mukono. Moyo iko nakimbia."

"Niko nakuya," Nsimire akajibu, sindano mkononi.

Akaitwa mara ya pili. Akaitwa mara ya tatu. Alipoushika ule mkono, saa sita kasoro robo, ulikuwa umeshapoa. Lakini fiche, ile karatasi ya vipimo, ilisema kwamba saa sita Séraphine yuko salama. Ghislaine hakuifuta. Aliandika kifo cha ghafla, saa sita na nusu, ili karatasi zipatane. Mume wa Séraphine, Papa Venant, alipoelezwa hivyo aliwashukuru kwa kazi nzuri. Mpaka leo inanikera, yule mzee kushukuru.

Sasa Jumatatu hiyo, pamoja na namba, ilikuja harufu ya udongo uliolimwa asubuhi, pale ghorofani, kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki kwa dawa ya Javel. Jumanne ikarudi, na wagonjwa wakasikia mwanamke akiita taratibu kutoka kitanda cha saba, nacho kilikuwa kitupu. Ghislaine akamleta abbé wa parokia. Akanyunyiza maji ya baraka, akasali vizuri sana, akaenda zake. Jumatano saa sita harufu ilikuwa palepale, na namba zilezile.

Na Jumatano hiyo ndipo Olive alipoanza kupauka. Msichana wa Muhumba, alikuwa amejifungua jana yake kwa kupasuliwa. Midomo yake ilikuwa myeupe, tumbo limekaza, jasho baridi. Nsimire alijua anavuja damu ndani. Akampigia daktari kwenye chumba cha upasuaji.

"Vipimo vinasema nini?" daktari akauliza.

"Vinasema muzuri, dokta, lakini vinadanganya."

"Nsimire, niko na mugonjwa mwingine mezani. Meza iko moja. Pima tena, halafu uniambie."

Akapima tena. Alishika kifundo cha mkono wa Olive na kuanza kuhesabu, na alipofika ishirini akahisi mkono unapoa, akaendelea kuhesabu kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na harufu ya udongo ikampanda puani, na vidole vile vikajikunja polepole vikamshika yeye, vidole vigumu vya mtu wa jembe, kucha zimejaa tope, na alipotazama chini aliiona mikono yote miwili ya Olive imelala juu ya tumbo lake, na sauti ikamwambia karibu kabisa na sikio, bila hasira, kwa uchovu tu wa mtu aliyengoja sana, "Maman, kuya."

Akajinyofoa, akakimbilia ofisini, akatoa faili la Séraphine.

"Uko nafanya nini?" Ghislaine akanong'ona.

"Nasahihisha."

"Batatufukuza siye bote. Fikiria batoto yako."

"Olive iko nakufa, Maman Ghislaine. Sababu ya uongo wa hii karatasi."

Shuleni sisi wauguzi wote tulifundishwa: kosa halifutwi. Unapiga mstari mmoja juu yake ili lisomeke, pembeni unaandika ukweli na jina lako. Nsimire akapiga mstari. Akaandika: Sikupima. Aliniita mara tatu, sikuenda. Akatia sahihi.

Alirudi mbio kwa Olive. Mapigo mia moja arobaini na nane. Tension saba kwa nne. Alimsukuma yeye mwenyewe mpaka upasuaji, na saa tisa daktari akatoka akasema ataishi.

Jioni Nsimire alimpigia Papa Venant akamwambia yote. "Kumbe aliita," mzee akasema, kisha akakata simu. Alhamisi barua ya kumsimamisha Nsimire kazi ikafika, kwa kosa la kuchafua faili la marehemu. Kuchafua, ndiyo neno walilotumia. Ghislaine akaichana ile fiche, akanakili nyingine safi, bila mstari, na namba zilezile.

Ijumaa mchana simu ya Nsimire ikalia. Alikuwa Aimée, muuguzi aliyechukua zamu yake. Alinong'ona hata ikawa shida kumsikia.

"Maman Ghislaine alipita karibu na kitanda cha saba. Hakuna mutu pale, Nsimire, hakuna. Lakini mukono wake umevutwa mbele, umenyooka, hatuwezi kuutoa. Tulikuwa batu bane, tulivuta. Vidole vyake viko najaa udongo."

Nsimire akakaa chini. "Mupelekeeni fiche ya Séraphine na kalamu. Mukono ule mwingine iko huru. Aandike ukweli, utaachiwa."

"Tulimupelekea. Tangu saa sita tuko namuomba."

"Anasema nini?"

Kwenye simu Nsimire alisikia mwanamke akilia, na mwanamke mwingine akiita taratibu.

"Anakataa," Aimée akasema.