Nilimwita Fundi wa Kompyuta Mwizi Mbele ya Meru Nzima

“Mwizi! Huyu ni mwizi! Muangalieni sura vizuri!”

Hiyo sauti mliyosikia ilikuwa yangu.

Mkono mmoja nimeshika simu, niko laivu. Mkono wa pili nimemkamata Burale kola ya shati, ndani ya duka lake mwenyewe.

Watu mia tatu wanatazama. Mara mia nane. Mara elfu mbili...

“Mama, tulia,” Burale akasema. “Weka simu chini tuongee.”

“Sitaki kuongea! Nataka diski yangu! Umeiuza wapi?”

Akaniangalia. Akafungua mdomo kama mtu ana neno... akaufunga.

“Sina diski yako, mama.”

Basi. 

Nje watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Mmoja akapiga kioo cha duka kikapasuka. Burale hata hakugeuka kuangalia kioo. Alikuwa ananiangalia mimi, na wallahi hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma.

Hiyo huruma ndiyo ilinichoma zaidi. Nikapiga kelele mara mbili zaidi.

Wengi wenu mliiona hiyo video. Wengine mlisambaza. Leo nawaomba mnisomee mpaka mwisho, kwa sababu kuna kitu sikuwaambia, na kingine sikukijua.

Mimi naitwa Kagwiria. Mimi na mume wangu, Kiogora, tunapiga video za harusi, mazishi na ruracio, zile sherehe za mahari. Tuna chumba kimoja hapa Meru mjini, kamera mbili, na kompyuta moja ya mezani, ya mitumba, iliyotoka kwa ofisi ya watu.

Tulikuwa na mtoto pia. Kaari. Tulimpa jina la mama yake Kiogora.

Homa ya mapafu ilimchukua kwa siku tatu. Alikuwa na miaka minne na miezi miwili. Tulimzika Mitunguu, pembeni ya migomba ya baba mkwe.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo juu ya hiyo siku. Mtanisamehe.

Kilichobaki ni video. Arobaini na tatu, nilizihesabu. Kaari akicheza matope. Kaari akikataa githeri. Kaari akiita, “Baba, kuja uone!” Zote nilizitoa kwa simu nikaziweka kwa diski ya kompyuta, kwa sababu simu ilikuwa imejaa na kioo kinakufa.

Kila asubuhi kabla ya kazi nilizifungua. Moja, mbili. Siku zingine zote.

Kiogora alikuwa anatoka nje. Anasema anaenda kununua maziwa. Maziwa yanaletwa mlangoni, jamani! Sikujiuliza hata siku moja.

Nikapanga mwaka ukitimia nimtengenezee Kaari filamu yake, ionyeshwe kwa ibada ya kumkumbuka. Lakini kompyuta haikuweza. Hizo video za kamera mpya ni nzito. Ukiweka tu kipande cha kwanza picha inaganda, feni inalia kama posho mill ya kusaga unga. Na tulikuwa na harusi kubwa ya Embu ya kumaliza.

Nikaenda kwa Burale. Kila mtu mjini alijua ni fundi wa maana, hakudanganyi.

“Nina elfu kumi na nane,” nikamwambia. “Nataka iende mbio.”

Akaifungua kompyuta. Akapuliza vumbi. Akatoa tochi akachungulia.

“Usikimbilie kitu cha bei,” akasema. “Anza na SSD, diski mpya ya kasi. Programu na kazi unayohariri sasa vikae hapo. Halafu ongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Giga nane ni kidogo kwa video, tuweke kumi na sita.”

“Na graphics card, ile kadi ya picha?”

“Hiyo ingoje. Processor yako ina graphics yake ndogo. Nitakuonyesha kutengeneza nakala nyepesi za video, uhariri kwa hizo, mwishoni programu irudi kwa zile nzito. Na hii power supply, ya kuleta umeme, ni ya ofisi, ni dhaifu. Ukiweka kadi kubwa itaiua.”

“Kwa hivyo pesa inabaki?”

Akagonga ile diski ya zamani kwa kidole.

“Hii imezunguka miaka saba, mama. Siku yoyote inaweza kwenda. Pesa itakayobaki nunua diski ya nje. Weka kopi. Kopi yako iko wapi saa hii?”

“Sina.”

“Basi anza na hiyo kabla ya zote.”

Mimi nikafanya nini? Nilikuwa nimeona kijana mmoja mtandaoni akisema bila graphics card wewe si mhariri. Burale akanitafutia kadi ndogo, ya mitumba, isiyokula umeme mwingi. Pesa ingetosha vitu vitatu, si vinne.

“Weka kadi,” nikasema. “Kopi tutanunua baadaye.”

“Una uhakika, mama?”

“Aki nina uhakika, Burale.”

Siku ya kupeleka kompyuta tena iwekewe vifaa nilikuwa na mazishi ya kupiga. Kiogora akaibeba yeye. Kesho yake jioni akairudisha.

Nikaiwasha... manze, ilikuwa inapaa! Harusi ya Embu ilikuwa hapo yote, picha inateleza kama maji. Nilicheka peke yangu. Mara ya kwanza kucheka mwaka huo.

Halafu nikatafuta folda ya Kaari.

Haikuwepo.

Nikatafuta diski ya zamani kwa skrini. Haikuwepo. Nikachukua bisibisi, nikafungua kompyuta. Pale diski ilipokuwa inakaa palikuwa tupu. Waya zinaning'inia tu.

“Kiogora! Diski iko wapi?”

Alikuwa amesimama mlangoni.

“Sijui...” akasema. “Labda fundi.”

Labda fundi. Kwa hayo maneno mawili nikachukua simu nikatoka mbio.

Hayo mengine mliyaona.

Baada ya hiyo video wateja walimkimbia Burale kama ana ugonjwa. Watu wakamtukana kabila, wakamtukana dini, chini ya video yangu, na mimi nikasoma nikanyamaza. Mwenye nyumba akamwambia ahame. Wiki ya sita nikapita hapo nikakuta mlango una kufuli na bango limeng'olewa.

Asubuhi iliyofuata nikamwambia Kiogora, tukinywa chai:

“Yule Msomali amefunga. Amerudi Maua kwa ndugu yake. Mungu hulipa hapa hapa!”

Kiogora akaweka kikombe chini. Chai ikamwagika mezani.

“Kagwiria... sio Burale.”

“Ati nini?”

“Sio Burale. Ni mimi.”

Nilidhani sijasikia vizuri.

“Ni mimi nilimwambia aitoe anipe. Kazi ya Embu nikamwambia ahamishe kwa ile mpya. Hiyo ya zamani nikaibeba.”

“Iko wapi?”

Akaanza kupangusa ile chai kwa kiganja.

“Kiogora, mtoto wangu yuko wapi?!”

“Siku ile tulipopiga ruracio kule Kiambere,” akasema. “Kazi ilipoisha nikatembea mpaka kwa maji, pale bwawani. Nikaitupa.”

Jamani... sikulia.

“Halafu nikataka kuingia niitoe,” akasema. “Nikaingia mpaka hapa kifuani. Na sijui kuogelea. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akanivuta shati.”

“Kwa nini? Nilikukosea nini, Kiogora?”

Hapo ndipo akapasuka. Mwanaume mzima, analia kamasi mpaka kwa ndevu.

“Kila asubuhi nasikia akiniita! Niko nje nasikia, ‘Baba, kuja uone!’ Na kila siku miguu inaanza kukimbia kabla nikumbuke. Kila siku, Kagwiria! Nafika mlangoni nakukuta wewe na skrini. Ningekuambia uache aje? Kwako wewe ilikuwa dawa. Mimi ilikuwa inaniua.”

Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja na sikujua.

“Na Burale?” nikauliza. “Alijua?”

“Alijua. Nilimwambia ina video za marehemu mtoto wetu, na aliponipa aliniuliza kama umekubali. Nikamdanganya ndiyo. Siku ile ulipoenda na simu alinipigia usiku. Akaniambia, ‘Mke wako ananiita mwizi. Mwambie wewe mwenyewe. Jambo kama hilo haliwezi kutoka kwa fundi. Mimi nitangoja.’”

“Akangoja?”

“Wiki sita, Kagwiria. Na mimi kila siku nasema kesho.”

Tulienda Maua siku hiyo hiyo.

Tulimkuta kwa baraza la duka la ndugu yake, Salad. Amewekewa meza ndogo hapo nje, anatengeneza chaja za simu. Fundi aliyekuwa anafungua kompyuta za maofisi ya Meru, yuko juani na chaja!

Mke wake, Ambaro, alinitambua kabla yake. Akasimama. Nilijua anataka kunifukuza, na angekuwa na haki.

Burale akamwambia kitu kwa Kisomali, taratibu. Ambaro akaingia ndani. Akarudi na chai ya maziwa, akaweka mbele yetu bila kuniangalia.

Hiyo chai iliniumiza kuliko kofi.

“Burale,” nikasema, “nimekuharibia jina. Nimekuharibia kazi. Sijui nianzie wapi.”

“Umeshaanza, mama.”

“Kwa nini hukusema? Pale pale, kwa nini hukusema, ‘Muulize bwana yako’?”

Akafuta mikono kwa kitambaa.

“Uliingia na simu ikiwa tayari inarekodi. Ungeingia bila simu ningekuambia. Lakini watu elfu mbili wanatazama... niseme nini? Niseme baba wa marehemu ndiye alichukua? Nyumba yenu ingebomoka hapo mbele ya watu. Mimi nikasema duka litafunguliwa lingine.”

Kiogora alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

Nikabaki na swali moja. Nililibeba kutoka Meru, nikaona aibu kuliuliza, nikauliza tu.

“Burale... ulipokuwa unahamisha kazi ya Embu. Hakuna kitu ulikopi? Hata kimoja? Hata kwa bahati mbaya?”

Akatikisa kichwa polepole.

“Vitu vya mteja ni amana, mama. Niliona jina kwa folda. Sikufungua. Sikukopi.”

Mnaelewa? Mwaminifu hakugusa.

Angekuwa kweli mwizi kama nilivyomwita, leo ningekuwa na sauti ya mtoto wangu.

Nililia hapo barazani mpaka Ambaro akaja akaketi karibu yangu. Aliketi tu.

Kiogora alianza kuongea tukiwa bado tumeketi pale, chai imepoa. Alikuwa hajawahi kusimulia habari za hospitali tangu mazishi.

“Asubuhi ile ya mwisho hospitalini,” akasema, “ulikuwa umeenda kutafuta uji. Akaamka. Akaniambia nywele zake ni mbaya, hawezi kurudi nyumbani hivyo. Akaniambia nimsuke.”

“Wewe?”

“Mimi. Nikamsuka mistari mitatu. Imepinda kabisa. Akajishika kichwa akacheka, akasema, ‘Baba, hujui!’ Halafu akalala.”

Ndugu zangu...

Ile mistari mitatu niliifumua mimi. Nikimtayarisha kwa mazishi. Nilidhani ni nesi alimsuka ovyo, nikakasirika, nikaifumua nikamsuka upya.

Sasa nawaambia nilichojifunza, mchukue au mwache.

Kama una pesa kidogo ya kuboresha kompyuta yako, kopi kwanza. Mbio baadaye. Video ikiganda utangoja, lakini kitu kilicho mahali pamoja tu, hicho ni kama huna.

Na kabla uwashe simu kumwita mtu mwizi, uliza nyumbani kwako kwanza. Uliza bila kurekodi. Mimi nilikuwa na mtu aliyebeba nusu ya mtoto wangu kifuani, na badala ya kumuuliza nilikuwa nauliza skrini.

Burale hakuiba. Narudia kwa herufi kubwa: BURALE HAKUIBA. Ile video nimeifuta, lakini najua iko kwa simu zenu. Futeni. Wekeni hii mahali pake. Yuko Maua, kwa duka la Salad, mpelekeeni kazi. Kioo na kodi ya duka jipya tunalipa sisi, na kamera moja tumeshaiuza.

Na kuna ombi la mwisho.

Mwaka juzi, Jumapili ya watoto, kwa kanisa la baba mkwe kule Mitunguu, watoto waliimba mbele. Wazazi wengi walikuwa wameinua simu. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini, nikirekodi watoto wa watu wengine.

Tafadhali angalieni kwa simu zenu za zamani. Hata sekunde tano. Hata kama picha ni mbaya.

Kaari alikuwa na gauni la njano. Mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto. Ndiye yule anaimba kwa nguvu na maneno hayajui.